Msiba wa Maseno



Simu ilitufikia usiku, baada ya sala ya Isha, tukiwa bado tumeketi barazani. Mama mzazi wa wifi yetu, mke wa ndugu yetu mkubwa, alikuwa amefariki huko Maseno, kwao Ujaluoni. Wifi na mumewe walitangulia kesho yake alfajiri. Sisi tuliobaki tulitarajia kuwafuata siku ileile, kwa kuwa kwetu maiti haiketi. Tukaambiwa tungoje, maziko ni Jumamosi ya wiki ya pili. Mama yetu alipolisikia hilo alishika tama kwa muda mrefu, kisha akasema hata kama ni mwezi atakwenda, maana yule alikuwa mwenziwe.

Na kweli alikuwa mwenziwe. Kwa miaka mingi wazee wale wawili, waliokutana mara tatu tu katika maisha yao, walipelekeana vitu. Kila Idi mama yetu alifunga halwa na tende katika mkoba akautuma kwa basi. Na kila Krismasi ukatujia mkoba wa njugu na omena kavu. Hakuna aliyekijua Kiswahili cha mwenziwe sawasawa. Hata hivyo walizungumza katika simu, na kicheko chao kilisikika hadi uani.

Ila msomaji asidhani kwamba mambo yalianza hivyo. Wifi yetu alisilimu kabla ya kuolewa, kwa hiari yake na baada ya kusoma, na huko kwao jambo hilo lilipokelewa kama msiba. Babake, Mungu ndiye ajuaye hali yake sasa, alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni. Kaka yake mkubwa alikata mazungumzo naye kwa miaka isiyopungua saba. Ni mama peke yake aliyeendelea kupiga simu. Kwa hiyo tulipopanda basi Alhamisi jioni, watu saba pamoja na watoto wawili, tulikuwa na swali ambalo hakuna aliyelitamka: tutapokewaje katika nyumba ambayo mlinzi wetu ndiye aliyekufa?

Kutoka Mombasa hadi Kisumu ni zaidi ya kilomita 800, na mtu aliyezoea upepo wa bahari huanza kutafuta shuka tangu Naivasha. Tulifika Ijumaa asubuhi. Tuliswali Ijumaa katika msikiti wa Jamia wa Kisumu, uliojengwa mwaka 1919, na tukapata faraja kubwa kuwaona Wajaluo, Wanubi, Wasomali, Wahindi na watu wa pwani wenzetu katika safu moja. Kisha tukapanda matatu ya barabara ya Busia. Njia hupita Kisian, penye miamba mikubwa iliyopandana kana kwamba imepangwa kwa mkono, ikaanza kukwea, na ziwa likabaki nyuma upande wa kushoto, jeupe kama sinia. Baada ya kilomita kama ishirini na tano hewa hupoa, miti huzidi, na kando ya barabara kuna kibao kinachomwambia msafiri kwamba hapo ndipo ulipo mstari wa ikweta. Hapo ndipo Maseno.

Ni mji mdogo, lakini una mizizi mirefu. Upande mmoja wako Wajaluo, upande wa pili Waluhya wa Bunyore, na jina lenyewe linadaiwa na wote. Husimuliwa kwamba wamisionari wa kwanza waliketi chini ya mti ambao Wajaluo huuita oseno na Waluhya huuita kwa jina linalokaribiana nalo, na kwa ulimi wa wageni ukawa Maseno. Shule, hospitali, chuo cha makasisi, makanisa, na chuo kikuu kilichotokana na vyuo vya serikali vilivyokuwapo hapo, vyote vimekaa karibu karibu, na kwa mtembezi huonekana kama kiwanja kimoja kikubwa cha mapaa ya mabati na mikaratusi. Hospitali hiyo ndiyo alimozaliwa Raila Odinga mnamo Januari 1945.

Sisi wa pwani tunadhani kwamba tunaijua habari ya Ukristo wa Kenya, kwa kuwa ulianzia mlangoni petu. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe na mwanawe upande wa bara ya Kisauni, akajenga Rabai. Frere Town tunaipita kila siku. Lakini Ukristo wa Wajaluo haukupanda kutoka kwetu, ulizunguka. Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, Wakatoliki miaka miwili baadaye, na nchi hii ya ziwa, hadi mwaka 1902, ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mtu mmoja alijaribu kuifungua njia ya moja kwa moja kutoka pwani, naye ni askofu James Hannington. Mwaka 1885 alikusanya msafara Mombasa na Rabai, akapita nchi ya Wamasai hadi Mumias kwa Wanga, kisha akauawa Busoga mwezi wa Oktoba pamoja na wengi wa wapagazi wake. Vitabu vya kanisa humtaja yeye. Wale wapagazi, watu wa mwambao wetu, hatukupata kuwasikia wakitajwa hata siku moja katika khutuba wala katika mahubiri.

Reli ilipofika Kisumu mnamo Desemba 1901, nchi ikajaa wahubiri kama soko la asubuhi. Makweka walikaa Kaimosi mwaka 1902. Mwaka 1905 wengine walianza Kima, Bunyore, mwendo mfupi tu kutoka Maseno. Mwaka 1906 Waadventista walipanda kilima cha Gendia, upande wa pili wa ghuba, na mwaka huohuo kasisi John Jamieson Willis, aliyetoka upande wa Uganda, akaanzisha kituo cha Waanglikana hapa Maseno. Wakatoliki nao walikuwa Ojola, karibu na Kisumu. Kila kundi lilijichukulia eneo lake, na hadi leo ukimwuliza mzee wa Kijaluo kijiji chake, mara nyingi unaweza kubahatisha dhehebu lake.

Willis alianza na vijana wachache, wana wa machifu. Walisoma asubuhi na kushika jembe na randa mchana. Huyu Willis alikuja kuwa askofu wa Uganda mwaka 1912, na mwaka uliofuata alizusha kisa kinachotuhusu kwa mbali. Katika mkutano uliofanyika Kikuyu, yeye na askofu Peel wa Mombasa walishiriki Chakula cha Bwana pamoja na Wapresbiteri na Wamethodisti. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, alipopata habari alighadhibika, akawashitaki wote wawili kwa mkuu wao huko Uingereza kwamba wamepotoka katika dini. Tunalitaja kwa sababu baadhi yetu hudhani kuwa ikhtilafu na kukufurishana ni balaa yetu sisi peke yetu.

Mwaka 1921 Waanglikana wa nchi ya ziwa walitolewa katika dayosisi ya Uganda wakawekwa chini ya Mombasa. Kwa hiyo babu wa wifi yetu, aliyebatizwa katika miaka hiyo, askofu wake alikaa Mombasa, mji ambao mjukuu wake angekuja kuolewa akiwa Mwislamu. Wifi alipotuambia hilo alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza katika siku hizo tatu.

Tulipofika bomani kwa kina wifi ilikuwa alasiri. Maturubai yalikuwa yamesimamishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na wanawake wa Umoja wa Mama wa kanisa, katika sare zao za buluu na nyeupe, walikuwa wakipepeta mchele. Kaka mkubwa wa wifi, yule wa miaka saba ya kimya, alitusubiri langoni. Alimsalimu mama yetu kwanza, kwa mikono miwili. Kisha akamgeukia ndugu yetu akamwambia, kwa Kiswahili safi cha mwalimu wa shule: “Shemeji, fahali amefungwa pale nyuma. Tumekungoja wewe umchinje, ili watu wote wale.”

Msomaji anayekaa katika miji yenye watu wa kila namna hatashangaa, maana kumwita Mwislamu achinje katika shughuli ya Wakristo ni desturi ya ujirani katika sehemu nyingi za Kenya. Lakini sisi tulilijua lililofichika katika maneno yale. Ndugu yetu alikunja kanzu, akaomba kisu akakinoa, akamwelekeza fahali kibla. Huko Maseno kibla ni kaskazini, imeegemea mashariki kidogo tu, karibu sawa na kwetu Mombasa. Akasoma Bismillahi, na mwenyeji mwenyewe ndiye aliyeshika pembe.

Jioni maiti ililetwa kutoka chumba cha maiti kwa msafara wa magari, honi na nyimbo. Na hapa ni lazima tuseme jinsi Ukristo wa Wajaluo ulivyokaa juu ya mila zao bila kuzifuta zote. Mtu huzikwa bomani pake, si katika makaburi ya kanisa. Mume ana upande wake wa nyumba na mke ana wake. Maiti hungojewa ukoo ukamilike, na watoto wafike hata walioko ng'ambo, jambo linalokula mali nyingi. Wenyewe sasa wanalilalamikia. Walitutajia mazishi ya Raila Odinga, Oktoba 2025: alifariki tarehe 15 akazikwa Bondo tarehe 19, kwa ibada ya Kianglikana, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameagiza asicheleweshwe. Mzee mmoja alituambia kwamba kama Raila amezikwa kwa siku nne, basi hakuna tena mwenye udhuru. Mwingine akamjibu kwamba Raila alikuwa na ndege za serikali.

Kanisa lilipigana na baadhi ya mila na kuziacha nyingine. Kung'oa meno sita ya chini, alama ya Mjaluo wa kale, kulikwisha. Kurithi wajane kulipigwa vita, na vita hivyo havijaisha. Gumzo kubwa lilikuwa ndoa ya wake wengi. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana wa mwaka 1888, uliofanyika London, uliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe hata awe na mmoja, ilhali wake zake katika hali fulani waliweza kubatizwa. Tafakari, ndugu msomaji, mzee wa Kijaluo mwenye wake wanne na watoto ishirini, anaambiwa awaache watatu ndipo apate kuokoka. Wangapi walibaki nje ya mlango wa kanisa walilolijenga kwa mikono yao? Sisi tunaoishi katika sheria inayomruhusu mtu hadi wanne kwa masharti ya uadilifu twaweza kuona mwiba huo ulipochoma. Si ajabu basi kwamba makanisa mengi yaliyojitenga yaliruhusu ndoa za namna hiyo.

Usiku ule wa kesha tulikalishwa karibu na mzee mmoja mrefu, mwembamba, amevaa kanzu nyeupe na kofia. Mwanetu wa miaka tisa, kwa furaha ya kumwona mtu wa kwao, alimwendea akampa mkono: “Assalaamu alaykum, babu.” Mzee akajibu, “Alaykum salaam, mjukuu wangu,” kisha akaongeza kwa upole, “lakini mimi si Mwislamu. Mimi ni wa Nomiya.” Alikuwa mjomba wa wifi, ndugu wa marehemu. Alikaa nasi hadi saa saba za usiku, na tuliyoyajua juu juu aliyafanya yawe hai.

Nomiya maana yake ni “nilipewa”. Mwanzilishi wake ni Johana Owalo, mtu wa Asembo. Wafuasi wake husimulia kwamba mwaka 1907 malaika Jibrili alimchukua katika ruya akampandisha mbinguni. Wanahistoria wameandika kwamba alipitia kwa Wakatoliki, akakaa na Waislamu kwa muda, na akawa mwalimu chini ya wamisionari wa Maseno, kabla ya kuanzisha kundi lake mwenyewe kabla ya vita vya kwanza vya dunia kuchacha. Hutajwa kuwa ndilo kanisa la kwanza Kenya kuanzishwa na Mwafrika. Owalo alikataa fundisho la kwamba Isa ni Mungu. Aliamrisha watoto wa kiume watahiriwe, katika kabila lisilotahiri. Na hakuharimisha ndoa ya wake wengi. Alifariki mwaka 1920. Tulisikiliza tukitazamana. Mambo matatu ambayo sisi tungeyaona kuwa yetu, mtu huyu aliyachukua, akayashona pamoja na Injili, akasema amepewa. Tulimwuliza mzee kama yanatoka katika Uislamu. Akafikiri, akasema yanatoka kwa Ibrahimu. Hatukuwa na la kuongeza.

Kulikuwa na jambo jingine lililotushika masikio usiku ule. Nyimbo ziliimbwa kwa Dholuo, lugha tusiyoijua, lakini kila mara tulinasa neno letu. Malaika. Msalaba. Injili. Hekalu. Nabii wao humwita janabi, na kundi la manabii jonabi. Roho Mtakatifu ni Roho Maler, maana yake roho iliyo safi. Mungu wao ni Nyasaye, jina wanalolitumia na Waluhya pia, la kale kuliko kanisa. Ila mengi yaliyomzunguka katika kitabu chao yamesafiri kutoka Uarabuni, yakapita katika ndimi za mababu zetu, yakapanda hadi ziwani ndani ya mizigo ya misafara na madaftari ya wamisionari. Agano Jipya la Kijaluo lilitoka mwaka 1926 na Biblia nzima mwaka 1953, nayo huitwa Muma Maler.

Na hiyo Roho ilizaa makubwa. Kasisi mdogo wa Kianglikana, Alfayo Odongo Mango, alianza huko Musanda, katika nchi ya Wanga, mwamko wa watu waliosema kwamba Roho imewashukia. Ndani yake ulikuwamo pia ugomvi wa ardhi baina ya Wajaluo na Wanga. Mwezi wa Januari 1934 kundi la watu lilimvamia, nyumba ikatiwa moto, naye akafa pamoja na baadhi ya wafuasi. Warithi wake ni hao wenye majoho meupe na misalaba myekundu tuliowaona wakiandamana na ngoma pale njiani Kisian. Halafu mwaka 1957 Waanglikana wa ziwa waligawanyika tena, Johera, watu wa upendo, wakatoka chini ya Matthew Ajuoga. Na mwaka 1963, mwaka wa uhuru, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko walitoka kwa Wakatoliki na umati mkubwa wakaanzisha Legio Maria. Katika ukoo wa wifi pekee tulihesabu madhehebu matano. Wote walikuja msibani. Waligawana kazi: hawa wapike, hawa waimbe, hawa wachimbe.

Lakini kama tungeulizwa ni nini kilichotugusa katika historia ya Maseno, tusingetaja mifarakano. Tungetaja mwaka 1921. Kodi ilikuwa imepandishwa, kipande kimeletwa, nchi imegeuzwa koloni mwaka uliotangulia, na watu wakihofia ardhi yao. Waliosimama ni vijana waliosomeshwa hapa. Mnamo Desemba 1921 umma mkubwa ulikutana Lundha, Gem, na mwenyekiti alikuwa mwalimu Jonathan Okwiri. Harakati hiyo watu waliiita Piny Owacho, yaani nchi imesema. Serikali ikatishika. Ndipo akaingia kati mkuu wa makasisi wa hapa, Walter Edwin Owen, na mwaka 1923 akaibadilisha kuwa chama cha maslahi ya walipa kodi, chenye kuhimiza vyoo na usafi pamoja na madai. Wengine humlaumu kwamba aliupoza moto. Huenda. Lakini huyo huyo aliandika katika magazeti ya Uingereza kupinga kazi za kulazimishwa, hata walowezi wakalipotoa jina la cheo chake wakamwita shetani mkuu. Sisi ambao mara nyingi tumewaona wamisionari kuwa mkono wa kushoto wa serikali tulijikuta tukikiri kwamba shule ya kanisa ilifunza vijana kusoma, na waliposoma walisoma pia dhulma.

Baadaye mwalimu wa hesabu kutoka Cambridge, Edward Carey Francis, aliiongoza shule kuanzia 1928 hadi 1940, na wakapita humo watu kama Jaramogi Oginga Odinga na mwanahistoria Bethwell Ogot. Jaramogi huyo alibatizwa Adonija. Alipokuja kupata watoto alitaka wabatizwe kwa majina ya Kiafrika, akagongana na kanisa kwa ajili hiyo. Akapita humo pia, katika miaka ya 1950, kijana Barack Obama, baba wa yule aliyekuwa rais wa Marekani. Babake kijana huyo ni Hussein Onyango, Mjaluo aliyesilimu. Yaani Mwislamu alimpeleka mwanawe katika shule ya kanisa kwa kuwa ndiyo iliyokuwa bora. Wazazi wangapi miongoni mwetu wamefanya hivyo, kisha wakalala macho wazi usiku wakijiuliza mtoto atarudi na nini?

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Ibada iliongozwa na makasisi watatu. Mtiririko wake ulikuwa wimbo, sala kutoka kitabu, masomo, mahubiri, kisha salamu za kila kundi, na salamu hizo ndizo zilizochukua muda. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na maneno. Wifi ni binti wa kwanza, na kwa desturi yao yeye ndiye msomaji wa maisha ya marehemu. Lakini baadhi ya jamaa hawakutaka asimame mbele ya kanisa na buibui. Wengine walitaka ajifunge kitambaa cha maombolezo na aimbe pamoja nao. Alituuliza Ijumaa usiku afanye nini. Hatukuwa na mufti miongoni mwetu. Tulimkumbusha yale tuliyoyasoma sote madrasa: Asma binti Abubakar aliyejiwa na mamake asiye Mwislamu, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwamrisha amuunge, na jinsi Mtume alivyosimama jeneza la Myahudi lilipopita, akawauliza maswahaba kama hiyo si nafsi. Tukamwambia asome, asimame na vazi lake, na asitamke asiloliamini.

Ni kaka yake aliyemshika mkono akampeleka kwenye kipaza sauti. Alisoma kwa Dholuo, kisha kwa Kiswahili kwa ajili yetu. Alieleza jinsi mamake alivyokuwa akiamka alfajiri kwenda kupamba kanisa kwa maua, na jinsi alivyomfundisha kwamba ahadi haivunjwi. Alipofika mahali pa kueleza kusilimu kwake, karatasini palikuwa pameandikwa mstari mmoja, akauruka. Kaka yake, aliyesimama nyuma yake akifuata kwa macho, akanyoosha kidole akamwonyesha. Akausoma: kwamba mama alilia siku tatu, na siku ya nne akapiga simu kuuliza wakati wa Ramadhani anaweza kumpikia nini. Uwanja mzima uliguna, kisha mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, na kicheko kikaenea.

Adhuhuri ilitukuta salamu zikiendelea. Tuliondoka kimya tukaenda nyuma ya ghala, chini ya mwembe, tukapiga safu, ikweta i karibu nasi. Tulikuwa wasafiri, tukapunguza. Tulipotoa salamu tuliona kwamba wale wanawake wa Umoja wa Mama waliokuwa wakiosha masufuria karibu yetu walikuwa wameacha kazi, ili vyombo visitoe kelele.

Kaburini kila mtu alitupa udongo. Mama yetu naye alichota, akautupa polepole, midomo yake ikitikisika. Mwanetu akauliza kwa sauti ya kusikika, kama watoto waulizavyo, “Bibi unamwombea nini?” Hakumjibu. Wala sisi hatukumwuliza, kwa kuwa tunazijua hukumu za jambo hilo na tunayajua machozi yake pia.

Jumapili, wenyeji walipokwenda kanisani, tulifunga safari. Kaka wa wifi aliachwa nyuma kwa makusudi ili atusindikize. Alituletea njugu debe zima na samaki mkavu, akamwambia mama yetu kwamba mkoba wa Krismasi utaendelea kuja, ila sasa utafungwa na wanaume, kwa hiyo usitazamiwe kufungwa vizuri. Kisha akampa dada yake kifurushi. Ndani yake ilikuwamo Muma Maler ya mama yao, jalada limechakaa, na katikati ya kurasa karatasi ya kufungia halwa ya Mombasa, imekunjwa vizuri, aliyokuwa akiitumia kama alama.

Wifi alikipakata njia nzima. Tulipopita Mtito Andei usiku alimwuliza mumewe kitakaa wapi nyumbani. Ndugu yetu alinyamaza muda, akasema watamwuliza sheikh ikiwa moyo wake hautulii, lakini yeye haoni neno. Kipo mpaka leo, kimefungwa kwa leso, katika kabati la vioo sebuleni, rafu ya juu, ambako watoto hawafiki.